Jiwe la Mama Mkwe Nililoamuru Lishushwe Kwenye Lori

Jiwe la kusagia la mama mkwe wangu, mimi ndiye niliyeamuru lishushwe kwenye lori. Kisha nikaenda kwenye dirisha la lori alipokuwa ameketi, nikamshika mkono, nikamwambia limeshapakiwa.

Nimekosa! Ni miaka kama kumi sasa, na hata mume wangu hajui. Akisoma haya atanitambua, maana jiwe lile halikuwa na mfano wake. Na asome. Mimi nimechoka.

Nililishusha kwa sababu nilikuwa na mashine. Mashine ndogo ya plastiki yenye mpini wa kuzungusha, niliyoiona kwenye televisheni. Televisheni, jamani!

Niwaeleze ilivyokuwa.

Kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vipya, nilikwenda Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kumtazama dada yangu aliyejifungua. Mume wake alikuwa anafanya kazi migodini, na nyumbani kwao kulikuwa na televisheni. Kwetu hakukuwa na kitu hicho, na mpaka leo hakipo. Nilikaa mbele yake kama mtu aliyealikwa.

Tangazo lile lilirudiwa mara nyingi. Mwanamke mwenye nywele zilizopangwa vizuri anatia karoti ndani ya mashine, anazungusha mpini, karoti zinatoka nyembamba. Anatia vitunguu. Anatia karanga. Anatabasamu wakati wote. Halafu picha inabadilika, na mbele yake kuna bakuli limejaa kitu cheupe, laini kama unga wa sembe. Maneno sikuyaelewa. Niliangalia mikono tu, nikaona haitoki jasho.

Mimi hujisifu kwamba macho yangu hayapitwi na jambo. Lakini sikujiuliza kile cheupe kimetoka wapi. Punje ya nafaka ikiingia kwenye mashine ile hawakuionyesha hata mara moja! Nimelikumbuka tangazo lile miaka yote hii, na sasa nina hakika. Haikuonyeshwa.

Dada yangu aliniona nimeduwaa, akacheka. "Hiyo mashine ninayo. Iko kabatini. Chukua, mimi siitumii."

Hapo napo sikuuliza. Kwa nini kitu kizuri hivyo kikae kabatini? Na jikoni kwake unga ulikuwa wa mfuko, wa dukani. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, nikayapita.

Nilipovuka mpaka, nilingoja gari Tunduma kwenye kibanda cha mwuza vitenge mmoja, mtu wa Kondoa, mcheshi sana. Aliniona nimeipakata mashine, akanisalimia kwa Kibemba.

"Mulishani, dada! Umetoka Kitwe na mtoto au na redio? Mbona umeikumbatia hivyo?"

"Ni mashine ya kusagia."

Akaichukua, akaigeuza, akachungulia ndani. "Ya kusagia nini?"

"Mahindi. Ulezi. Chochote."

Akacheka mpaka kofia ikamsogea. "Dada yangu, hii ni ya vitunguu. Ni ya watu ambao unga wananunua dukani. Niachie mimi nikupe kitenge, nimpelekee mama anayepika pilau pale hotelini. Hiyo ndiyo saizi yake."

"Mimi nimeiona ikisaga."

"Wapi?"

"Kwenye televisheni."

Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. "Basi. Televisheni ikisema, mwuza vitenge ni nani?"

Nilijua anataka kunilaghai aiuze kwa bei kubwa. Nikaifunga ndani ya khanga, nikageuzia uso barabarani. Ole wangu! Kitenge kile kingenifaa mno kuliko aibu hii.

Sasa niwaambie kuhusu jiwe.

Tulikuwa tunakaa upande wa Iyula, juu kwenye mibuni. Mama mkwe wangu alilikuta jiwe lile kwa mama mkwe wake. Katika ukoo ule, bibi harusi akifika hasalimiwi kwa maneno mengi. Anakalishwa mbele ya jiwe, anapewa ulezi, anasaga, na uji wa unga ule unanywewa na nyumba nzima. Ukishanywewa, wewe ni wao. Mimi nilisaga vibaya siku hiyo, nikatoa chenga. Mama yule alikunywa uji wangu wote, akafuta mdomo, akasema, "Mikono itajifunza." Hakunisema tena.

Jiwe kubwa lilikuwa jeusi, limeliwa katikati kama mgongo wa farasi. Jiwe dogo la kushika mkononi lilikuwa la mviringo, nalo yeye hakumwachia mtu.

Wakati ninaouzungumzia, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kulima hakuweza. Kuchuma kahawa hakuweza, angechuma mbichi na mbivu pamoja. Kusaga aliweza, kwa sababu kusaga hakuhitaji macho. Kila asubuhi nilimsikia akiimba kidogo, jiwe likimwitikia. Alikuwa anatulisha. Ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia duniani, na mimi niliyeishi naye nyumba moja sikuiona hivyo. Niliona bibi anayeng'ang'ania mambo ya zamani.

Ikaja amri ya kuhama. Tulitakiwa kushuka tukaishi kijiji kipya kando ya barabara, nyumba kwa mistari, na mibuni tuwe tunairudia kwa miguu. Tuliambiwa kutakuwa na shule, maji ya bomba na mashine ya kusagia ya kijiji. Lori likapita nyumba kwa nyumba.

Mume wangu alikwisha kutangulia kusimamisha nguzo za nyumba. Wanaume wa jirani walisaidiana na utingo kulipandisha jiwe, wakahema. Utingo alikuwa kijana mwenye mdomo.

"Mama, mnahama au mnahamisha mlima? Kama ni kaburi la babu semeni, tulibebe kwa heshima!"

Watu walicheka. Mimi nilitahayari. Nikatazama nafasi iliyobaki, nikaliona kabati langu la vyombo limesimama chini, kabati nililoletewa na mume wangu kutoka Mbeya. Ndani yake mlikuwa na mashine yangu.

Nikamwambia utingo, "Shusha hilo jiwe. Pakia kabati."

Akaacha mzaha. "Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

Hawakusita tena. Walilishusha nyuma ya ghala, ambako mtu aliyekaa mbele ya lori hawezi kuona hata kama ana macho mazima.

Mama alikuwa ameketi karibu na dereva kwa heshima ya uzee wake. Jiwe dogo alikuwa amelifunga kwenye khanga, amelipakata. Aliponisikia nakaribia, alitoa mkono dirishani.

"Lile kubwa limepanda?"

"Limepanda, mama."

"Wamelilaza uso juu? Lisije likakwaruzwa."

"Wamelilaza vizuri, mama."

Akanipigapiga mkono wangu. "Ahsante, mwanangu."

Mungu anisamehe, nilijibu, "Si kitu."

Tulipofika, aliuliza jiwe kabla hajauliza maji. Nikamwambia mizigo mizito imeshushwa ofisini, italetwa. Kesho yake nikasema utingo hajarudi. Siku nyingine nikasema labda limechanganywa na la watu wengine. Uongo wa kwanza ulikuwa mmoja, lakini kila asubuhi ulihitaji mwenzake.

Mashine ya kijiji ilikuwa bado ni ahadi. Basi nikaona saa ya mashine yangu imefika. Nikaifunga kwenye ukingo wa meza, nikamkalisha mama, nikamwekea mkono juu ya mpini.

Aliipapasa yote taratibu. "Nyepesi," akasema. "Inasaga?"

"Inasaga, mama. Nilimwona mwanamke kwenye televisheni akiitumia."

"Alikuwa anamsagia nani?"

"Hakuwa anamsagia mtu. Alikuwa anaonyesha tu."

Akaupapasa tena mpini. "Basi hakuwa na njaa," akasema.

Nikatia ulezi. Akazungusha. Ulezi uliingia mzima, ukatoka mzima! Nikasema labda ni mdogo mno, nikatia mahindi. Mpini ukagoma. Nikasukuma mkono wake na wangu pamoja, tukasikia kitu kikikatika ndani, na mpini ukaanza kuzunguka bure kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Mama aliendelea kuzungusha kwa muda, akidhani ndivyo inavyofanya kazi.

Nitasema haki, maana sipendi kusingizia hata plastiki. Vitunguu ilikata. Kabla ya siku ile niliijaribu kwa vitunguu na karoti, ikakata vizuri kuliko kisu changu. Mwuza vitenge alisema kweli. Lakini sisi hatukuwa tunashiba kwa vitunguu.

Tangu hapo mimi nilikwenda kusaga kwa majirani, nikingoja zamu. Mama nilimwacha nyumbani. Njia za kijiji kile hakuzijua, zote zilikuwa mpya na zote zilifanana. Kule juu miguu yake ilijua kila kisiki. Hapa alikaa mlangoni na jiwe dogo mapajani, akilisugua kwa kidole gumba. Hakuimba. Uji alipopewa alikunywa kidogo, akaacha. Mume wangu alidhani ni uchovu wa kuhama, akawa anamlaani utingo aliyepoteza mzigo wa mama yake. Alimlaani mbele yangu, nami nikakaa kimya. Nasikia kijana yule alikuja kuulizwa na wakubwa zake habari za mizigo ya watu. Kilichompata sikijui. Naye simjui jina nimwombe radhi.

Alasiri moja tuliporudi kutoka shambani, mama hakuwepo.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Majirani walisema aliulizia njia ya Iyula; mume wangu alichukua baiskeli akapanda, akamkuta jioni kwenye kiwanja cha nyumba yetu ya zamani, ameketi peke yake pale jiwe lilipokuwa likikaa, nguo zote zimemgandama mwilini. Nyuma ya ghala mume wangu hakuwa na sababu ya kuangalia. Mimi niliangalia, siku nyingine. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na alama yake kwenye udongo, basi.

Alimleta kwenye kibebeo cha baiskeli, akitetemeka. Nilipomvua nguo za maji, alitoa kifundo cha khanga alichokuwa amekificha kifuani, ndani kabisa, ambako mvua haikufika. Akanipa mkononi.

"Chemsha maji, mwanangu. Tunywe uji."

Ulikuwa unga wa ulezi. Mume wangu alidhani kapewa na msamaria njiani, akashukuru Mungu. Mimi niliuchukua kwenye vidole. Unga wa mama yule niliujua. Hakuna aliyesaga laini vile, wala jiwe lingine halikutoa laini vile. Ulikuwa mpya, una harufu yake bado.

Nikapika. Tukanywa sote, nyumba nzima. Yeye alimaliza bakuli lake.

Mume wangu akamwuliza, "Mama, ulifuata nini huko?"

Akageuza uso wake upande niliokuwepo mimi. Kwamba aliniona, siwezi kusema. Akajibu, "Lile kubwa lilianguka njiani. Msihangaike kulitafuta."

Homa ilimshika usiku huo, ikashuka kifuani, na hakuamka tena kukaa mlangoni. Tulimzika kijiji kipya, mahali ambapo miguu yake haikupajua.

Wanawake wenzangu, naandika haya kwa sababu juzi nilikuwa Tunduma tena. Bidhaa ni za kutafuta siku hizi, na kila kinachovuka mpaka watu wanakigombania. Nikamwona msichana amekumbatia kitu cha jikoni cha plastiki, rangi nyekundu, na muuzaji anamwambia, "Hii imeonyeshwa kwenye televisheni!" Nilitaka kumshika mkono. Nikaona haya.

Basi nakuambia hapa, binti. Nunua ukitaka. Huenda kinakata vitunguu. Lakini usitoe kitu cha watu nyumbani ili kukipisha. Kiweke kando ya kile cha zamani, ukijaribu kwa chakula unachokula kila siku, siyo kwa kile ulichokiona wanakula wao. Na kama kitu cha zamani kina mwenyewe, muulize mwenyewe. Muulize akiwa anakuona! Na usimwambie limepanda kama halijapanda.

Mimi nilipofua nguo zake siku ile, nililiosha pia jiwe dogo alilokwenda nalo ndani ya khanga, kabla mume wangu hajaliona. Lilikuwa limejaa unga kwenye vitundu vyake.

Jiwe dogo ninalo, liko chini ya kitanda. Kubwa liko ndani ya nyumba ya mtu, huko juu Iyula, na mtu huyo alimfungulia mama mlango, akamkalisha, akampa ulezi, akamwacha asage. Aliambiwa nini kuhusu jinsi jiwe lilivyobaki, na yeye alimwambia mama nini, sijui. Nimepita kule mara nyingi wakati wa kuchuma kahawa, nikisalimia kila mlango asubuhi, nikitega sikio. Bado sijalisikia.