Sukari ya arobaini

Jamani, wadudu wa chuo kikuu wamekula sukari ya marehemu mume wangu!

Leo nimefungua mkebe, mtupu.

Kilo ile niliipigania kwenye foleni tangu alfajiri, askari akitusukuma kwa kitako cha bunduki. Niliificha kwa ajili ya chai ya arobaini yake, Ijumaa hii.

Nikamwita mjukuu wangu Zaituni, huyo msomi.

"Habuba, bibi yangu, niliipeleka maabara. Kule nako sukari imekwisha, kama madukani. Kuna vijidudu vinakula sukari, vinatoa asidi kama ya maziwa yaliyoganda. Tunaipika hiyo asidi, inakuwa plastiki. Ukiitupa, inaoza."

Inaoza! Jani la mgomba linaoza bure, na halijawahi kuniibia sukari.

"Iko wapi hiyo plastiki?"

Akanipa kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kilo nzima! Nikakikunja nione kama ni plastiki kweli.

Kikavunjika, pa!

"Habuba! Kilikuwa hicho hicho kimoja. Cha kumwonyesha mwalimu Jumatatu."

Sasa yeye analia chumbani, mimi nafoka jikoni. Na msiniambie nimsamehe, bado sijamaliza kukasirika. Ingekuwa ninyi mngefanyaje?

Anayejua pa kupata sukari aninong'oneze, askari wa pale kona asisikie. Nataka kilo mbili: moja ya marehemu, moja ya hao wadudu wake.