Jumamosi Yangu Iko Chini ya Maji

Wateja huniuliza napata faida gani huko chini, na huuliza kwa sauti ileile ya mtu anayetaka apunguziwe bei ya tairi. Nawajibu kwamba sipati kitu. Hawaamini. Mwanamke aliyeanza na jeki ya kuazima pembeni mwa barabara, akajenga karakana yenye mashine ya kubalansi na mafundi wa kuajiriwa, atawezaje kuacha kazi Jumamosi aende kuzama majini bure? Lazima kuna dhahabu. Basi niseme mara moja, anayetaka kusikia asikie: hakuna dhahabu. Kuna maji ya baridi, kuna lori bovu, na kuna samaki wadogo wasiomfaa hata paka.

Mambo yalianza kama biashara. Mwaka jana alikuja bwana mmoja na pikapu yenye pancha ya nyuma. Fundi akiziba, yeye alikuwa anachungulia ndoo ya takataka.

"Mama, hivi vipande vya risasi mnavitupa?"

Vilikuwa vile vipande vya madini ya risasi vya kubalansia magurudumu, vilivyobanduliwa kwenye rimu kuukuu. Nilikuwa navitupa kweli. Lakini mtu akishaulizia takataka yako, hiyo si takataka tena.

"Nani kakwambia tunatupa?" nikamjibu. "Hivyo vina mwenyewe."

Akaeleza kwamba anafundisha watu kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji, nje kidogo ya mji. Wanafunzi wake hufunga kiunoni mikanda ya risasi, la sivyo wanaelea kama vizibo. Alitaka kuyeyusha vile vipande atengeneze uzito wa mikanda. Pesa hana, ila nafasi ya mwanafunzi mmoja anayo.

Mimi sijui kuacha cha bure kikapita. Risasi yote ya ndooni kwa kozi nzima, na miwani na mapezi ya miguuni niazimwe. Tukapeana mikono. Alipoondoka ndipo nikajiuliza nimenunua nini.

Kozi ilikuwa na sharti. Ukianza, una mwaka mmoja wa kumaliza majaribio yote na kupata cheti. Mwaka ukikatika hujafaulu, unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kulowa.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kaka yangu tunamwita Meneja, kwa sababu katika maisha yake hajasimamia chochote isipokuwa maisha ya wengine. Aliitisha kikao sebuleni kwangu, akakaa kwenye kochi langu, akanywa chai yangu.

"Dada, una wajukuu wewe. Utavaa lile livazi la mpira la kubana mbele za watu?"

"Nimevaa ovaroli lenye grisi mbele za watu miaka yote hii. Hukuniona?"

"Ile ilikuwa kazi!"

"Ndiyo. Na hii siyo."

Binti yangu alikuja kwa upole, lakini alipiga palepale panapouma. Jumamosi ndiyo siku anayoniletea watoto, tena huwa wanashinda na mimi karakanani, wakiviringisha matairi na kuchafua nguo nilizowafulia.

"Mama, ungekuwa unaumwa ningeelewa. Sasa watoto nimpe nani?"

"Wana baba."

"Baba yao Jumamosi anapumzika."

"Basi tumefanana."

Walinitazama kama nimetukana. Nikaelewa. Jumatatu hadi Ijumaa ni za karakana, Jumapili ni ya ndugu. Jumamosi nilidhani walau nusu yake ni yangu, kumbe walishagawana zamani na mimi sikualikwa.

Meneja akafunga kikao. "Sawa, jaribu. Mwaka ukiisha bila cheti, Jumamosi unarudi kukaa na watoto, na hatutaki kusikia tena habari za maji."

Nikakubali mbele ya wote. Sikumuuliza nikifaulu yeye atatoa nini. Katika biashara zote nilizofanya, hiyo ndiyo mbovu kupita zote.

Masomo ya mwanzo yalikuwa kwenye bwawa la kuogelea la shule moja. Mwalimu alinipa mwenza, maana chini ya maji hakuna kwenda peke yako. Mwenza wangu alikuwa kinyozi, mwembamba, mwenye mikono mepesi na miguu isiyojua iko wapi. Kupumua hakukunisumbua. Kuuza upepo ndiyo kazi yangu, geji naisoma hata usingizini. Nilijiona fundi kiasi cha kumwambia Mwalimu mitungi yake aniletee niijaze karakanani, nusu bei.

"Mama Tairi," akasema, "kompresa yako haifikii hata robo ya nguvu ninayohitaji, na upepo wake una mvuke wa oili. Mtu akiuvuta huko chini, tutampandisha kwa kamba."

Hilo nikalimeza.

Kilichonishinda ni miwani. Unapiga magoti chini kabisa, unaivua, unakaa uso wazi ndani ya maji huku ukipumua kwa mdomo, kisha unaivaa tena na kupuliza kwa pua mpaka maji yote yatoke. Kinyozi aliifanya kama mtu anayefuta jasho. Mimi maji yalipogusa tundu za pua, mwili ulinyanyuka wenyewe bila kuniomba ruhusa. Nilijikuta juu nakohoa, nimeshika ukingo. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Majaribio mengine yote nikayapita, hilo moja likanigomea, na miezi inakwenda.

Nikafanya ninachokijua.

"Mwalimu," nilimwambia tumekaa ukingoni, "matairi ya pikapu yako yamekwisha. Nakupa manne mapya. Hiyo ya miwani tuiruke."

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

"Umewahi kumuuzia mtu tairi lililopasuka ukalipaka rangi?"

"Usinitukane."

"Basi usiniambie nikupake rangi wewe."

Nikaongeza betri. Akavaa viatu vyake akaondoka.

Niliudhika wiki nzima. Halafu nikaligeukia lile karai letu la kupimia pancha. Mafundi wakienda kula, nauma ule mpira wa kupumulia wa wanaoogelea juujuu, natumbukiza uso humo, bila miwani, navuta pumzi kwa mdomo na kuapa moyoni. Siku ya kwanza walirudi mapema, wakakuta mapovu.

"Bosi, pancha iko puani!" mkubwa wao akapiga kelele, na wenzake wakaangukiana kwa kicheko.

"Ziba basi, si ndiyo kazi niliyokuajiri?"

Wateja walizoea. Nimeuza matairi maji yakinichuruzika shingoni, na bei sikushusha.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla mwaka haujakatika. Meneja alikuja machimboni na mwavuli, akakalia jiwe kama msimamizi wa mtihani. Binti yangu alikuja na watoto, akasema wanataka kuona bibi anavyozama.

Tuliteremka kwa kamba, Mwalimu mbele, kinyozi ubavuni mwangu. Chini kabisa limekaa lori la kubebea mawe, lililoachwa humo maji yalipojaa. Matairi yake yangalipo, na kabla magoti yangu hayajagusa mchanga nilishapiga hesabu ya chuma chakavu. Nilikuwa nasoma saizi kwenye tairi la mbele pale kinyozi alipogeuka kumtazama samaki, na pezi lake likanipiga usoni. Miwani ikang'oka.

Dunia nzima ikawa ukungu wa kijani. Maji yakaingia puani, na mwili ukaanza safari yake ya kwenda juu. Nitasema ukweli kilichonizuia. Sikumwona marehemu mama yangu, sikusikia sauti. Nilimwona Meneja juu ya lile jiwe, na mwavuli wake. Nikakaza magoti. Miwani ilikuwa imenasa shingoni kwa mkanda wake. Nikaivuta, nikaivaa, nikapuliza kama ninayezima moto.

Nilipopata kuona, Mwalimu alikuwa mbele yangu, amenishika bega. Nikamwonyesha kwamba niko salama, tena kwa maringo. Akatoa kile kibao chake cha kuandikia chini ya maji. Akaandika: *Hiyo ilikuwa ajali. Sasa ivue mwenyewe.*

Nilikuwa na maneno! Kwamba yaliyofanyika yamefanyika, kwamba ajali ni ngumu kuliko mtihani, kwamba kwa haki anipe na ziada. Lakini mdomo umejaa mpira. Tangu nizaliwe sijawahi kutajiwa bei nikashindwa kujibu.

Nikaivua. Nikaishika mkononi, uso wazi, nikakaa vilevile nikivuta pumzi na kuitoa, mpaka niliporidhika mimi. Nikaivaa, nikapuliza, nikamtazama. Akatikisa kichwa kukubali na kuanza kufunga kibao chake. Hapo nikaivua tena, bila kuombwa. Hiyo ilikuwa nyongeza, asije akasema nimempunja.

Juu, Meneja alisimama. "Macho mekundu hivyo? Umeshindwa."

"Amefaulu," Mwalimu akasema. "Mara tatu."

Kaka akatafuta mahali pa kuweka mwavuli. "Haya, hongera, dada. Umeshaonyesha kwamba unaweza. Sasa unaweza kuacha."

Nilikuwa nimebeba mtungi mgongoni na risasi kiunoni, maji yananichuruzika, nikamsogelea.

"Tulikubaliana nikishindwa narudi kukaa na watoto. Nikifaulu, tulikubaliana nini?"

"Hatukusema kitu."

"Basi nasema sasa. Jumamosi watoto watakaa na wewe."

"Mimi? Mimi na watoto wapi na wapi?"

"Wewe si Meneja?"

Binti yangu ndiye aliyecheka kwanza. "Mjomba, nitakuletea asubuhi. Huyu mdogo hali bila kubembelezwa."

Matairi manne Mwalimu alikuja kuyanunua baadaye, kwa bei kamili. Yeye hakunipunguzia, na mimi sikumpunguzia.

Kozi imekwisha, na bado naenda. Sasa hakuna mtihani wala cheti cha kufukuzia, kwa hiyo wateja wanauliza zaidi. Nateremka na kinyozi, nakaa mbali na miguu yake, tunalizunguka lile lori, tunapanda. Simu naiacha kwenye pikapu ya Mwalimu. Jumamosi iliyopita niliikuta imejaa miito ya Meneja. Nikampigia nywele zikiwa bado mbichi.

"Dada! Mtoto kajimwagia uji, mwingine kapanda juu ya kabati, nakupigia tangu asubuhi! Ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikokuwa," nikamwambia, nikakata, nikaenda kukamua vazi langu.