Gagulo la Pindo Zuri

Sisi Wazanzibari tuliokimbilia London baada ya mapinduzi tulikuwa na ugonjwa mmoja: kila mtu kwao kulikuwa na mashamba ya mikarafuu. Nami sikubali kupitwa. Nilisema kwetu Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa, watumishi watatu. Uongo mtupu! Kwetu Ng'ambo, kibanda cha makuti, na mama yangu alikuwa akishonea watu nguo barazani.

Shoga yangu, Mzanzibari mwenzangu, alikuwa akisafisha kwenye jumba dogo la makumbusho ya nguo. Ndiye aliyenisemea nipate kazi pale ya kutengeneza nguo kuukuu, nikapewa wiki moja ya majaribio. Nilikuwa nimechoka kupiga deki ofisi za watu. Kazi hii niliitaka kufa na kupona.

Siku ya mwisho, bibi mkubwa wa pale, Mwingereza asiyecheka, alinitandikia mezani gagulo, sketi ya kuvalia ndani, la enzi za Malkia Viktoria. Chini lina lesi safi, na kikaratasi chake kimeandikwa: mke wa tajiri.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza. "Mwenyewe alikuwa nani?"

Shoga yangu alikuwa akipangusa kabati, masikio yote kwetu.

Nikaligeuza upande wa ndani. Ala! Lesi yenyewe shibiri moja tu. Juu kote kitambaa hafifu cha bei ya chini, kimeungwaungwa mpaka kiunoni. Mama alinishonea gauni la Idi hivyo hivyo: pindo na ncha za mikono hariri, kwengine kote marekani, ile pamba nyeupe ya kimaskini, maana buibui litafunika. Nilitamba mtaa mzima siku ile, na kwa joto lote lile sikuthubutu kuvua buibui.

"Alikuwa maskini," nikasema.

"Umejuaje?"

Nikinyamaza, kazi imekwenda. Nikisema, shoga yangu atanitangaza London nzima, na mimi kuchekwa siwezi. Basi, liwalo na liwe.

"Kwa sababu na mimi nimewahi kuvaa hivi. Tulikuwa mafukara, na mama yangu ndiye aliyenishonea."

Machozi yakanitoka, nami si mtu wa kulia ovyo. Nilimwonea fahari mama yangu, mara ya kwanza mbele za watu.

Bibi akakichana kile kikaratasi. Akanipa kalamu niandike kingine, akasema Jumatatu nije mapema.

Nikamgeukia shoga yangu, nikingoja kicheko. Yeye anapangusa tu.

"Mwenzangu, mimi nimekujua tangu siku ya kwanza, mtoto wa mshonaji wa Ng'ambo," akasema. "Hata gauni langu la Idi mama yako ndiye aliyelishona, marekani hiyo hiyo. Mama yangu alimwomba asimwambie mtu. Kumbe hata wewe hakukwambia."