Kiti cha Nyuki

Simpendi Kimeu, na sijaanza leo. Tumekaa ploti moja hapa Huruma miaka kumi na mmoja, yeye chumba cha nyuma kinachotazama mto, mimi mbele na meza yangu ya chai na mandazi, na salamu tulizopeana zinahesabika. Ugomvi wetu ni nyuki.

Kimeu ni mchongaji kutoka Kitui. Zamani alichonga twiga wa kuwauzia watalii. Siku hizi anachonga miiko na visukumio vya chapati, anavipeleka soko la Kariokor, anarudi. Mwaka aliohamia alitoboa gogo akatengeneza mzinga kama wa babake, akautundika kwenye mti mmoja uliobaki hapo ukingoni mwa mto. Nyuki wakaja. Waliosema fuata nyuki ule asali hawakuwa wanauza mandazi. Wadudu wale walijaa kwenye sukari yangu, wateja wakakimbilia kwa jirani. Nilipomwendea kulalamika, hakuinua hata macho kutoka kwa mwiko wake.

"Funika sukari," akasema.

Maneno mawili. Sijayasahau. Na usidhani alinipa asali ya kunituliza. Kila akivuna, nusu aliiacha mzingani. "Hiyo ni yao," alisema, nami nikaona ni uchoyo tu unaotafuta kisingizio.

Mwaka jana wapangaji tulikubaliana mzinga uchomwe. Barua kwa mwenye ploti niliiandika mimi mwenyewe. Kabla hajajibu, akaja Tiffany.

Tiffany alitoka chuo kikuu na mradi. Wafadhili, alisema, wamechoka kutoa pesa za kubuni vitu vya binadamu peke yake. Sasa wanataka wabunifu washirikiane na mito, miti na wadudu, ili dunia idumu. Mimi nanunua maji kwa mtungi, choo kimoja tunagawana milango kumi na minne, halafu mtu anaketi mbele yangu kuniambia binadamu tumeshabuniwa vitu vya kutosha! Akatuuliza tunaishi na viumbe gani.

"Kunguni," nikamwambia. Akaandika.

Kimeu ndiye aliyemwamini. Alielezwa kwamba mradi ukiingia hakuna atakayechoma mzinga, naye hakutaka kingine chochote. Akatia sahihi karatasi ya ushirikiano bila kusoma ukurasa wa pili.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa. Mbele walipanga viti vitupu vyenye vibandiko: MTO, MTI, NYUKI. Nilifika nimechelewa, miguu inawaka kwa kusimama tangu alfajiri, nikaona kiti, nikaketi. Watu wakacheka. Tiffany akapiga makofi kwa furaha.

"Mama Shiru, umekalia kiti cha nyuki. Kwa hivyo sasa wewe ni nyuki. Tuambie, mnataka nini?"

Nilimtazama Kimeu. Alikuwa safu ya kwanza, na shati lake la Jumapili lililopigwa pasi. Hasira ya miaka kumi na mmoja ikanipanda.

"Sisi nyuki tunataka kuhama," nikasema. "Tumechoka na huyu mzee. Tupewe nyumba mpya, mbali na mandazi ya watu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tiffany hakucheka. Aliandika kila neno. Kimeu akainuka.

"Madam, huyo hajui nyuki. Mimi ndio nawajua. Saa hii wako na watoto ndani, hawafai kusongeshwa."

"Mzee, tafadhali. Zamu ya binadamu inakuja."

Haikuja. Chakula kilifika, mkutano ukaishia hapo.

Mwezi mmoja baadaye walileta sanduku la kioo lenye nyaya, nyumba ambayo, alisema Tiffany, nyuki wenyewe wameiomba. Kuwahamisha kuliruhusiwa kwenye ule ukurasa wa pili. Walikuja saa tano mchana, jua kali, kwa kuwa wafadhili wawili walikuwa na ndege ya jioni. Kimeu alisimama chini ya mti, mikono nyuma. Aliyetumwa kupanda ni dereva wao, Kyalo wa Komarock, Mkamba mwenzake Kimeu, aliyelelewa kijijini kwenye mizinga. Akafika juu, akaona alama ya ukoo iliyochomwa kwenye gogo, akashuka mikono mitupu.

"Huu ni wa mtu, na mwenyewe ako hapa," alimwambia Tiffany. "Kwetu mzinga uko na alama hauguswi kama mwenyewe hajasema. Mzee, umesema?"

"Sijasema," akajibu Kimeu.

"Basi nifuteni kazi," Kyalo akasema, akarudi garini.

Wanafunzi wawili wenye nyavu usoni wakapanda badala yake. Walipokuwa wakihamisha, masega yakavunjika, asali na watoto weupe wa nyuki wakadondoka matopeni. Mfadhili mmoja aliumwa sikioni, na nakiri nilifurahi. Kimeu alichutama akiokota vipande vya masega, kimoja kimoja, mpaka gari likaondoka.

Siku ya tatu asubuhi kundi zima lilitoka kwenye kile kioo, likazunguka juu ya ghorofa, likaenda. Sukari yangu ikakaa wazi, safi, wateja wakarudi.

Juzi Tiffany aliniletea kitabu cha mradi, karatasi nzito za kung'aa. Wamepata ufadhili wa awamu ya pili. Ukurasa wa kwanza ni picha yangu kitini, na chini yake: Sauti ya nyuki, Huruma. Nilikiweka mezani wateja wakione. Kimeu akapita na miiko yake, akasimama, kisha akaketi kwenye benchi langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaitazama ile picha, akasoma maandishi yaliyo chini yake. Nilijua atanitukana, na matusi ya kumrudishia nilikuwa nayo tayari.

"Mama Shiru," akasema polepole, "wewe ndiye sauti yao. Niambie basi, walienda wapi?"

Nilitafuta kifuniko, nikafunika sukari.