Shira ya Malimau ya Mama

Mama aliporudi kutoka hospitalini alikataa chakula, akaomba shira ya malimau aliyokuwa akitupikia utotoni, hapa Manyatta. Nikachuma malimau, nikakamua, nikachemsha maji yake na sukari mpaka yakawa mazito. Akaonja kijiko kimoja.

"Siyo hii."

Kesho yake nikaongeza maganda, ikawa chungu. Ya tatu iliungua, ikaniharibia sufuria. Ya nne niliona imeiva sawasawa, lakini Mama akatikisa kichwa tena.

"Basi inuka upike mwenyewe!" nikamfokea.

Akaweka kijiko chini. "Usikasirike, mwanangu. Siku hizi hata chai siisikii ladha."

Nilitoka nje hasira ingali imenikaba, ila sasa nilijikasirikia mwenyewe. Siku nne jikoni, na sikuwa nimemuuliza kitu.