Redio ilikata tangazo la msiba, wakamfukuza mtangazaji. Kumbe kosa lilikuwa mgawo wa CPU

Wakuu, salaam kutoka Bariadi.

Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu, chumvi sijatia. Jina la mhusika nimebadilisha, ila hasira nimeiacha kama ilivyo.

Nilikuwa fundi mitambo wa redio moja binafsi hapa mjini. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa bado mpya, na tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua redio, kila mwenye mnara alitaka aonekane wa kisasa.

Bosi akaleta mtaalamu kutoka Dar. Akang'oa kompyuta zetu zote, akaweka server moja yenye core nane, yaani vichwa vinane vya kufanya kazi ndani ya CPU yake. Ndani yake kuna hypervisor, yaani software inayoigawa server moja iwe kama kompyuta kadhaa. Hizo za ndani ndizo VM.

Tulikuwa na VM tano. Moja inarusha matangazo hewani, zingine ni za uhasibu, kamera za ulinzi, redio ya mtandaoni na kuhifadhi vipindi.

Sasa sikieni maajabu. Jamaa akazipa zote core nane nane. Nikamuuliza, core nane hizi tunazitoa mara tano kivipi? Akacheka.

"Hypervisor inapanga yenyewe. Wewe kaa utulie."

Nikakaa, ila sikutulia.

Haikuchukua muda redio ikaanza kigugumizi. Sauti inaganda, inaruka, inaendelea mbele. Wimbo ukikatika nani anajali? Shida ilikuwa matangazo ya vifo.

Kwa wasiojua huku kwetu, wakati wa matangazo ya vifo mtu anaacha hata kukamua ng'ombe. Vijiji vingi simu zilikuwa hazina chaji wala mtandao. Redio ya betri ndiyo iliyokuambia nani kafariki na anazikwa lini.

Msomaji alikuwa Kulwa, mtu wa Ngulyati, sauti nzito ya upole. Alirekodi mchana kwenye laptop yake, VM ya matangazo ikarusha jioni. Kwenye laptop rekodi ilikuwa nzima. Hewani ikatoka imekatwa.

Maneno yakaanza mtaani. Kulwa anachagua maiti wa kutangaza. Kulwa amerogwa ulimi. Mtu mzima unasikia hayo sokoni halafu unatakiwa ukasome tena kesho.

Siku moja akaja mama kutoka Ipililo, kule Maswa. Baba yake alifariki Ngulyati. Tangazo lilifika "mazishi yatafanyika", likaganda, kilichofuata ni tangazo la biashara la dawa ya kupulizia pamba. Siku ya mazishi hakuisikia. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Hakupiga kelele. Alisimama mapokezi akasalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Halafu akasema, "Nimekuja kumwona aliyekata maneno ya baba yangu."

Kulwa akainuka mwenyewe. "Ni mimi niliyesoma, mayo. Sikukata."

Mama akamwangalia tu. Wakuu, ningekuwa mimi ningetafuta pa kujificha.

Nikamwita bosi, nikamchezea rekodi ya laptop mbele ya yule mama. Nzima, mpaka siku ya mazishi. Bosi akampigia simu mtaalamu wake. Jibu likawa kwamba server iko safi, VM inatumia CPU kidogo sana, tatizo ni mtumiaji.

Mtumiaji! Wiki hiyohiyo Kulwa akafukuzwa. Ila sauti yake ya utangulizi, ile ya "ndugu wasikilizaji, tunawaletea matangazo ya vifo", wakaiacha kwenye mfumo kwa sababu ni nzuri. Mtu hafai, sauti yake inafaa. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Akaja msomaji mpya. Matangazo yakaendelea kukatika vilevile.

Mimi nikaingia kwenye hypervisor kuangalia CPU ready. Hicho ni kipimo cha muda ambao VM iko tayari kufanya kazi lakini inasubiri kupewa core. Ya matangazo ilikuwa juu kupita kiasi. Na ndani ya VM yenyewe kila kitu kinaonekana shwari, kwa sababu VM ikisimamishwa haijui kama imesimamishwa. Ndiyo maana yule jamaa aliona server iko safi.

Nikamweleza bosi kitaalamu, hakuelewa. "Wenzako wanaongeza, wewe unataka kupunguza?"

Nikabadilisha njia. Bosi ana maksai wanane kijijini. Nikamwambia, mvua imeanza, familia tano zinataka kulima, na kila moja imeapa hailimi mpaka ipewe wote wanane kwa pamoja. Mwenye kibustani naye anataka wanane. Nani atawahi msimu?

Kisha akasema, "Si ungesema hivyo mapema?"

Mapema! Haya.

Nikaipa VM ya matangazo core mbili na kuitengea nguvu yake. Ya kamera nikaipa mbili, zilizobaki moja moja. Jioni ile matangazo yalitoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Simu ikaita. Kulwa, yuko kwao Ngulyati, analima pamba.

"Leo nimejisikia nikimaliza sentensi," akasema. Ni ule utangulizi wake, safari hii haukukatika.

Bosi nilimwomba amrudishe, au basi atangaze hewani kwamba kosa halikuwa lake. Akasema mambo yameshapita. Yamepita kwake. Yule mama wa Ipililo rekodi aliisikia, ila kwa kuwa Kulwa alifukuzwa, mpaka leo anaamini ni yeye aliyemnyima nafasi ya kumzika baba yake.

Kwa mnaosimamia server, VM kurundikiwa core si sifa. Igawie inachohitaji, na uangalie CPU ready kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Aliyewahi kuona binadamu akibebeshwa kosa la mashine aje aseme hapa, nasoma comment zote.

Na bosi, kama umo humu na umejitambua, Kulwa bado yuko Ngulyati. Redio anayo, anakusikiliza kila jioni.