Sista Aliyekaa Peke Yake Milola

Mwezi uliopita nilirudi Milola kwa misa ya kumwombea marehemu bibi yangu. Watu walipokaa kula, nikazunguka nyuma ya kanisa kuitafuta nyumba ya sista. Sikuiona. Palikuwa na shamba la ufuta uliofika kiunoni, nyuki wanavuma juu ya maua yake.

Sista wetu alikuwa mtawa mzee aliyewaomba wakubwa wake ruhusa ya kuishi kijijini, maisha yaleyale tuliyoishi sisi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, chumba kimoja. Alikuwa na magauni mawili, sufuria, jembe, na msalaba wa mpingo ukutani. Alilima mbaazi na muhogo kwa mikono yake, na jioni alitufundisha sala. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nalelewa na bibi, na kila asubuhi nilimpelekea maji.

"Tumsifu Yesu Kristo!" nilimwita kutoka mlangoni.

"Milele amina. Karibu, mjukuu wangu."

Ndani mlinukia moshi na muhogo wa kuchoma.

Siku moja waumini wa Lindi mjini walimletea godoro, maana alikuwa akilala mkekani. Kesho yake nikaukuta mkeka uleule. Godoro alikuwa amempa jirani, mama wa Kiislamu aliyejifungua mapacha.

"Na wewe utalala wapi?" nilimuuliza kwa hasira.

"Palepale nilipolala juzi," akacheka.

Basi nami nikaamua kuwa mtawa. Nikaanza kwa kugawa gauni langu la Noeli. Bibi alinichapa, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini jioni moja ya masika niliingia kwa sista bila hodi, nikamkuta mbele ya sahani ya ugali, analia kimyakimya. Nikadhani hana kitoweo.

"Nikakuletee mboga, Sista?"

Akatikisa kichwa. "Umaskini nimeuzoea, mjukuu wangu. Kula peke yangu ndiko sijakuzoea."

Nilimweleza bibi. Alifunika chungu cha kisamvu, akanishika mkono, tukaenda kula kwa sista. Tukafanya hivyo kila jioni, zaidi ya mwaka, mpaka macho yake yakafifia na gari la watawa likaja kumchukua. Vitu vyake vyote vilienea kwenye kikapu kimoja. Akanipapasa uso, maana hakuniona vizuri.

"Utakuja kunitazama?"

"Nitakuja," nikasema.

Utawa sikuuendea. Nilikua, nikahamia Lindi mjini, nikawa fundi cherehani. Kutoka kwangu hadi nyumba ya watawa hata saa moja haifiki kwa pikipiki. Kila Noeli nilisema mwaka ujao.

Nikiwa bado nimesimama kwenye ufuta, katekista akaja kuniita chakulani. Nikamuuliza habari za sista.

"Ametangulia siku nyingi," akasema. "Wenzake walitusimulia. Mwishoni alikuwa haoni kabisa. Kila mlango ukifunguliwa, anauliza, 'Ni watu wa Milola?'"

Watu wa Milola aliokuwa akiwangoja, najua, tulikuwa wawili. Mmoja ndiye tuliyemwombea asubuhi ile. Wa pili ni mimi.